Neno la Katikati

4 Machi 1986

Kwako mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti la kulia linanisumbua nikichuchumaa kukaza spoki za watu. Natumaini wewe na mumeo hamjambo, na kazi ya dobi haijakumaliza mikono.

Kadi yako imefika. Miaka mitatu hujaniandikia hata mstari, tangu tulipomzika mama yako bila wewe, halafu unaniletea Kiingereza. Unajua fika kwamba Kiingereza changu kinaishia kwenye majina ya baiskeli. Neno la kwanza na la mwisho nimeambiwa ni mimi na wewe. Hilo la katikati, MISS, ndilo limenitoa jasho.

Muuza dawa kasema maana yake umenikosa. Umenikosa lini, na hukuja? Jirani yangu fundi nguo kaapa kwamba Misi ni mwanamke asiye na mume, kwa hiyo eti unanijulisha kuwa umeachika. Siku hiyo sikula. Nikampelekea mwalimu mstaafu, akafungua kamusi, akasema ni kulenga kitu usikipate, au kufika kituoni basi limeshaondoka. Sasa nimebaki njia panda. Una mume au huna? Umenirushia kitu kikapita pembeni?

Nataka kujua jambo moja tu. Ndani ya neno hilo unaniomba radhi kwa kutokuwepo kwenye maziko, au huombi? Nijibu kwa Kiswahili.

Baba yako


20 Machi 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Sisi hatujambo, na mume ninaye. Amesoma barua yako na anamsalimu sana huyo fundi nguo.

Nimecheka, kisha nikalia juu ya mashuka ya watu, ikabidi niyapige pasi upya. Kabla ya kununua kadi ile nilikaa na kalamu Jumapili tatu. Nikiandika "nimekukumbuka", naona jepesi, kama vile ulinitoka kichwani ukarudi. Nikiandika "nimekukosa", naogopa utasoma "nimekukosea" ufurahi bure. Nikakimbilia Kiingereza nikajificha humo.

Msimamizi wetu hapa dobini ni mtu wa kamusi. Anasema neno hilo zamani lilikuwa la mtu aliyelenga akakosa, baadaye likawa la kukosa kilichokuwepo, hadi likafika kwa mtu unayemtamani naye yuko mbali. Yule Misi wa mwanamke ni mwingine kabisa, amekatwa kutoka kwenye "mistress", yaani bibi mwenye nyumba. Ila nilichoshangaa ni kwamba Waingereza wana kipande "mis" wanachokibandika mbele ya neno kuonyesha jambo limefanywa vibaya, na kipande hicho ni ndugu wa neno letu hili. Kumbe hata kwao kumkosa mtu na kutenda kosa vimetoka tumbo moja. Nilidhani ni sisi tu. Kwa hiyo na mimi sijui tena nilikuandikia nini.

Lakini radhi sikuomba, Baba. Basi liliharibika njiani, nikakutumia habari kwa dereva wa lori kwamba nakuja, na ukaipata. Nilichelewa saa mbili tu. Nilikuta udongo umeshasawazishwa, na mbele ya watu wote ukaniambia nisikuite baba.

Mwanao


11 Mei 1986

Mwanangu,

Hujambo? Mimi hivyo hivyo. Umeona nimekaa kimya wiki saba. Nilianza barua nne za hasira, zote nikawashia jiko. Hasira ikaisha, nikabaki nimechanganyikiwa tu. Juzi nimemrudishia mtu baiskeli yake usukani nikiwa nimeufunga nyuma mbele, na alikuwa amekuja kuziba pancha.

Habari ya dereva wa lori niliipata, kweli. Sikukusubiri kwa sababu niliogopa. Nilijua ukifika unalia na mimi nitaanguka, na mtu aliyezoea kuninyanyua ndiye tuliyekuwa tunamzika. Nikawaambia watu tumalize haraka. Ulipofika nikakumwagia wewe ukali wote.

Sijui jambo hilo linaitwaje, kwa lugha yoyote.

Baba yako


17 Mei 1986, mlangoni pa karakana yako

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko uliko, maana hapa hupo. Nilipoipata barua yako nilimwomba msimamizi siku mbili, nikapanda basi. Naandika kwenye ganda la boksi la tyubu, nimekalia tairi bovu.

Fundi nguo anasema umeondoka alfajiri na mkoba, unakuja kwangu, eti umeshindwa kungoja jibu. "Mmekosana njiani," akaniambia. Nikamjibu kwamba kazi hiyo tumeizoea.

Sasa sijui nifanye nini. Nikiondoka, pengine nawe unarudi. Nikikaa, pengine umekaa kwangu unaningoja. Nimepanga kupanda basi la kesho saa sita mchana, ingawa unaweza kuwa ndani ya lile linalokuja. Barua hii namwachia fundi nguo.

Mwanao


17 Mei 1986, kwenye kituo cha basi, mjini kwenu

Mwanangu mpenzi,

Nimefika salama, goti tu ndilo lililonung'unika. Mumeo amenipokea vizuri, akaniambia umepanda basi kuja kwangu. Nikataka kugeuza na basi la jioni hii hii. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja kwenye ngazi, nikashuka, nikamwomba kondakta anisubiri niandike. Atampa fundi nguo barua hii kesho asubuhi.

Nimekosa, mwanangu. Nakuandikia kwa Kiswahili ili usihangaike na kamusi. Nilipaswa kukusubiri, sikukusubiri, na mama yako angenigombeza.

Sasa rudi taratibu. Basi likiharibika, na liharibike. Lichelewe saa mbili, lichelewe siku mbili. Mimi nimekaa kwenye benchi la hapa kituoni, mumeo ataniletea chakula, na siondoki mpaka nikuone unashuka.

Baba yako