Finjani ya Ami Khalfan

Jumamosi, 6 Machi 2004
Mahakamani tena. Ugomvi wa mirathi asubuhi nzima, ndugu hawatazamani. Kiarabu changu bado kina Unguja ndani yake. Mawakili wanatabasamu. Watabasamu tu, jaji ni mimi. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 8 Machi
Faili jipya: majirani wa mtaa wa Ansab wanagombania mpaka. Mmoja ni Ami Khalfan. Si ami yangu wa damu. Nilipofika Maskati sina mtu, alinilaza kwake, akanifundisha Kiarabu cha hapa, akanishika sikio mpaka nikasoma sheria. Bila yeye ningekuwa nauza vitambaa sokoni Hamriya. Kesi hii siiwezi.

Alkhamisi, 11 Machi
Amekuja nyumbani. Zuwena, mke wangu, akamtilia kahawa. Ami akaipokea, akaiweka chini. Hakuigusa. Huku kila mtu anajua: mgeni ana haja, hanywi mpaka umkubalie.
"Kunywa, Ami."
"Ntakunywa ukinambia neno jema, mwanangu."
Sikulisema. Kahawa ikapoa. Akajizoazoa, akaenda zake. Aibu imenila. Na hasira pia. Kwa nini anitie mtihanini, yeye aliyenifunza kuogopa dhulma?

Jumamosi, 13 Machi
Nimejitoa kwenye kesi. Nimemweleza mkubwa wangu yote, hata habari ya kahawa. Kampa mwenzangu faili. Nashukuru bado nina kiti changu.

Jumatano, 14 Aprili
Hukumu imetoka. Ami ameshindwa, ukuta wake uvunjwe. Nimempigia simu, hapokei.

Ijumaa, 23 Aprili
Msikitini aliniona. Akatoka kwa mlango wa pili. Baba yangu nilimzika Unguja. Sitaki kumpoteza huyu naye hai.

Ijumaa, 7 Mei
Baada ya sala, kengele ya mlango. Ami Khalfan na bakora yake. Akakaa palepale pa siku ile. Zuwena akamtilia. Mimi sikuthubutu kutazama.
Akanywa. Akaongezwa, akanywa tena. Kisha akaitikisa finjani, ametosheka.
Habari ya ukuta hakuigusa. Alilalamikia joto, akala halwa, akamtania Zuwena kwamba iliki ameifanyia ubahili. Hakuwa na haja yoyote. Amekuja kunitazama tu.
Alipoondoka, finjani yake nimeiosha mwenyewe.