Juu ya Mlango

Kaloleni, Nairobi
4 Machi 1956

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Kibibi, Mambrui.

Shikamoo, mama. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, wewe na majirani wote. Ukiuliza hali zetu, mimi na Burale hatujambo, ila kifua kidogo kwa baridi ya huku.

Mama, najua hukutaka kusikia neno langu. Siku niliyomkataa Abdurahim, mchumba uliyenichagulia, nikamfuata Burale uliniambia, "Usibishe hodi hapa mpaka nikuite mwenyewe." Sijabisha. Mwaka wa pili huu. Lakini barua si hodi, au vipi?

Tumehama Pumwani. Tumepata nyumba ya baraza la mji hapa Kaloleni, vyumba viwili, kuta tupu kabisa. Nikimwita Burale sauti yangu inanirudia. Basi nimeanza kazi ya mikono. Yeye hunipa mifuko ya unga ya marikani kutoka dukani kwake Shauri Moyo, naifumua, naichemsha kwa magadi, kisha natarizi vitambaa vya viti. Shida ni maandishi ya kinu, hayatoki! Mgeni akija anakalia "Unga Safi". Nimetarizi ua juu ya neno Unga, limebaki Safi. Burale anasema nisiliguse, eti limesema kweli.

Nifanyeje, mama? Mimi kazi yako niliitazama tu, sikuishika. Sasa najuta.

Mwanao akupendaye,
Salme


Mambrui
2 Aprili 1956

Mwanangu Salme,

Marahaba. Huku hatujambo, Mungu ashukuriwe. Maneno ni yangu, mkono ni wa Muhiba, binti wa jirani aliyesoma skuli. Kwa hivyo sitasema mengi. Kalamu ya mwenzio ni sikio la mwenzio.

Magadi peke yake ni kazi bure. Loweka mfuko siku mbili kwa sabuni na ndimu, uanike juani ungali mbichi, usiukamue. Yasiyotoka, yafunike, kama ulivyofanya. Nakuletea magome ya mkasiri ya kuchemshia uzi, utapata wekundu. Uzi wenyewe usizidi urefu wa mkono wako. Mvivu ndiye apendaye uzi mrefu, anachoka kutunga sindano, kisha unamzonga.

Na ukitundika pazia, litazame kwanza. Usifanye kama lile la Idi ulilotundika kichwa chini, mabirika yote niliyoyatarizi yakawa yamwaga kahawa kwenda mbinguni, mtaa mzima ukacheka.

Habari za mlango sizizungumzi.

Ni mimi mamako,
Kibibi binti Haidari


Kaloleni
17 Juni 1956

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. U hali gani? Muhiba naye hajambo? Mwambie mkono wake mzuri.

Mkasiri ulifika. Uzi umekolea wekundu mpaka raha. Na kanzu nyeupe ya Burale imekolea pia, maana niliiloweka karai lile lile nikasahau. Ameivaa hivyo hivyo Ijumaa, maskini, watu wakamuuliza kama amejiunga na tarika mpya.

Pazia la dirisha limekwisha. Mama Phares wa nyumba ya pili amenifundisha kufuma, nami namfundisha kutarizi. Jioni tunakaa kizingitini na vitambaa vyetu. Anataka kutarizi jina la mwanawe, nami nimemwambia aanze na majani, jina litakuja.

Sasa nikwambie la moyoni, Muhiba asisikie, ingawa ndiye atakayelisoma. Mama, nina mimba. Mungu akipenda nitajifungua Disemba. Wewe ndiwe uliyeniambia kuwa mimba ya kwanza mtoto wa kike huenda kwa mamake, azalie kitandani alipozaliwa. Burale ameridhia. Sanduku liko tayari. Kinachokosekana ni neno lako tu. Niite, mama. Ukiniita leo, kesho niko garini.

Mwanao,
Salme


Mambrui
8 Oktoba 1956

Mwanangu Salme,

Najua umengoja. Barua yako niliipata, nikaiweka chini ya mto. Hali yangu ni ya kushukuru. Nimepungua kidogo, kanga inanizunguka mara mbili, ni joto tu.

Nimekutarizia kitambaa cha ukutani, mkono wangu, si wa mtu. Miezi mitatu nimekaa nacho, kwani sindano siku hizi nyembamba, siioni tundu. Pale katikati nimeandika kwa herufi zetu za Kiarabu nilizofundishwa na baba. Ni neno moja. Lisome, kisha ulifuate.

Sina zaidi.

Mamako,
Kibibi


Kaloleni
25 Oktoba 1956

Mama yangu,

Shikamoo. Kitambaa kimefika salama. Ni kizuri, mama, sikufichi, nililia. Mama Phares aliita nusu ya Kaloleni waje kukitazama.

Nilikikung'uta nikitafuta karatasi ya kuniita. Hakuna. Nikasoma lile neno katikati: "juu". Nikacheka na machozi yangu. Yale mabirika hujayasahau! Basi nimelifuata. Nimekitundika juu ya mlango, upande wa juu uko juu, mara hii hakuna kahawa ya kumwagika.

Wiki iliyopita askari walipita nyumba kwa nyumba kutazama vipande vya watu, nani ana ruhusa ya kukaa mjini. Mmoja akakielekezea kirungu, "Hapo pameandikwa nini?" Nikamwambia, "Juu." Akasema, "Mama, hata mimi naona ni juu." Wakaenda zao.

Basi nimekuelewa. Umenisamehe nusu. Umenipa kitambaa, mlango hukunipa. Sitakusumbua tena. Nitazalia hapa, mama mkwe Batulo atanisimamia. Inaniuma, siwezi kusema hainiumi.

Mwanao,
Salme


Mambrui
3 Disemba 1956

Mwanangu,

Barua yako imechelewa, kisha nami nimechelewa kuijibu. Muhiba alipofika pale pa "juu" nilimwambia asome tena. Akasoma tena. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Kuna kosa, nalo ni langu, si lako. Nimelianzisha kwa sindano, nitalimaliza kwa sindano. Muhiba amenichorea herufi za skuli kwa mkaa juu ya kitambaa kingine, nami nazifuata kama kipofu na ukuta. Herufi zenyewe mbaya, zimesimama kama vigogo, hata moja haishikani na mwenziwe.

Sasa siku zako zimekaribia, usitoke ulipo. Wakikukanda wasikukande tumbo kwa nguvu. Kunywa uji wa pilipili manga. Mungu akushushe salama.

Mamako,
Kibibi


Kaloleni
11 Januari 1957

Mama, mama yangu,

Shikamoo. Nimejifungua tarehe kumi na nne Disemba, mtoto wa kike, mzima. Jina lake ni Kibibi. Hilo halikuwa na mjadala.

Jana Maalim Haji wa Pumwani, mzee wa huko kwetu pwani, alikuja kumsomea mtoto dua. Alipokuwa akitoka aliinua macho mlangoni, akasimama, kiatu kimoja mguuni. Akaniuliza, "Mwanangu, nani anayekuita?"

Nikamwambia, "Haniiti mtu, maalim. Hapo ni 'juu', ni alama ya kutundikia."

Akasema, "Hapo ni jimu na wau tu. Herufi zetu hazitengi o na u, na ile n ya mbele wazee hawaiandiki. Asiyejua anasoma juu. Anayeitwa anasoma njoo."

Mama! Njoo! Uliniita Oktoba, nami nikakujibu habari za askari na mabirika. Nimekaa chini ya neno lako karibu miezi mitatu, napita chini yake na ndoo ya maji, napita na takataka, na kila nikipita unaniita. Nisamehe. Nilikuwa nalisoma kwa macho ya mtu aliyekwisha fukuzwa.

Nakuja. Wanawake wamenizuia kutoka leo, lazima nitimize arobaini, nayo inakwisha Jumatano tarehe ishirini na tatu. Alhamisi nitapanda gari la moshi, Ijumaa Mombasa, Jumamosi basi la Malindi. Nakuletea mjukuu umwone pua, ni yako tupu. Nakuletea na vitambaa vyangu uvicheke. Usitarizi tena, mama, pumzisha macho. Nimesikia. Nakuja.

Mwanao,
Salme


Mambrui
21 Januari 1957

Mwanangu Salme,

Barua hii haitapita posta. Nimemwambia Muhiba akupe mkononi Jumamosi, ukiwasili, ikiwa mimi sitakuwapo. Nikiwapo, ataichana, nitakwambia mwenyewe. Kwa hiyo ukiwa unaisoma, jua nimetangulia, na usimlaumu Muhiba kwa kutokuandikia. Nilimwapisha. Alilia, akaniambia, "Bi Kibibi, dhambi hii." Nikamwambia kalamu haina mdomo.

Tangu Ramadhani nina uvimbe tumboni. Daktari wa Malindi alinitazama, akatazama pembeni. Sikutaka uje kwa sababu ya ugonjwa. Nilitaka uje kwa sababu nimekuita. Ni mambo mawili, mwanangu. Mgonjwa hata adui humjia.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia Muhiba aandike neno lenyewe, halimalizi hata tone la wino. Kila barua nililifikisha hapa kooni. Niliapa mbele ya watu kuwa nitakuita mwenyewe, nikaona haya kukuita kwa mkono wa mtoto wa jirani. Nikajiona hodari, nikalipitisha kwenye sindano. Ujinga wa mtu mzima hauna dawa. Mtoto wangu amezaa kwa wenyewe, nami nimelala hapa natunga uzi.

Burale nimemkosea. Mume anayevaa kanzu nyekundu Ijumaa asimwaibishe mkewe, huyo ni mume. Mwambie nimesema hivyo.

Barua yako ilifika juzi adhuhuri. Muhiba aliisoma, na alipofika "nakuja" nikamwambia rudia. Amerudia mara nne, mpaka sauti ikamkauka. Kile kitambaa cha pili kiko mapajani. Nimetarizi N, nimetarizi J, nimetarizi O moja. Ya pili ingali mkaa. Nimemwambia Muhiba atoe sindano. Neno limekwisha fika, la nini tena kulimalizia? Ukitaka, malizia wewe. Hutaki, kiache hivyo hivyo, afute pua mjukuu wangu.

Mtoto mlaze kitandani kwangu, upande wa ukutani, hapaingii upepo. Unga wa uji uko mekoni, Muhiba anajua.

Mlango nimeagiza uwe wazi, mchana na usiku, mpaka ufike. Usibishe hodi.

Mamako,
Kibibi