Njia ya Ukingo wa Kushoto

Lahtinen, Mitumbwi na Safari,
S.L.P. 14,
Ziwa Harju, Minnesota.
Jumamosi, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi Lempi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua chako bado kinaipenda hewa kavu ya Arizona kuliko kilivyoipenda ya kwetu. Goti je? Na ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilifika, au bado inazunguka na posta?

Sisi huku hatujambo, ukiuliza habari ya miili. Mume wangu Dale mgongo unamsumbua lakini hataki kusikia neno daktari. Baba anakula, analala, na sauna anaingia kila Jumamosi, akimwaga maji juu ya mawe ya moto mpaka mvuke unatutoa sisi wengine tukitambaa. Ukimwona kwa mbali utasema ni yule yule kaka yako.

Matunda ya msituni yameiva mapema mwaka huu. Nimeshapika chupa kumi na nne za jamu, mbili ni zako. Mbu hawasemeki. Kuna dubu anakuja kila siku mchana kweupe kukagua mapipa yetu ya taka, na Veikko, fundi wetu wa mitumbwi, amempa jina la mama mkwe wake. Nimemwonya kwamba mke wake ana masikio.

Kazi ni zile zile unazozijua. Saa kumi na moja alfajiri naoka mikate, kisha nafunga vyakula vya wageni waliokodi mitumbwi, kila siku na mfuko wake, uji, maharage, jibini, zabibu kavu. Dale anawafundisha kubeba mtumbwi mabegani bila kujivunja shingo. Wanaorudi nawaoshea masufuria waliyoyaunguza, nawawashia sauna, nawasikiliza wakinieleza ziwa letu kana kwamba sijawahi kuliona. Wiki hii yote hayo niliyafanya kama mtu anayeota.

Shangazi, nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ngoja niseme.

Unajua desturi ya nyumba hii: hakuna mgeni anayetia mtumbwi majini kabla hajakaa na Baba pale mezani, akachorewa njia kwenye ramani kwa penseli nyekundu. Wapi pa kulala, wapi pa kushuka na kubeba mtumbwi kukwepa maporomoko. Huko ndani hakuna kibao hata kimoja, wala simu haishiki, kwa hiyo mstari wa Baba ndio macho yao. Ramani huchora mbili, moja ya mgeni, moja ya kutundika mlangoni ili tujue nani yuko wapi.

Jambo ambalo sikuwahi kukuandikia ni hili. Ni mwaka wa pili sasa Baba anapotewa na kumbukumbu. Si kila siku. Siku nyingine anakutajia kila jiwe la kila mto, siku nyingine ananiuliza kama mama ameshakamua ng'ombe, na ng'ombe tuliacha kufuga nikiwa bado shuleni. Mimi nikaona nisimwaibishe. Akimaliza kuchora, nilikuwa napita kimya kimya mlangoni, naikagua ile ramani ya pili, na nikiona kosa nawakimbilia wageni kwenye banda la mitumbwi na kuwasahihishia. Makosa yenyewe yalikuwa madogo. Sikumwambia mtu, hata Dale.

Jumatatu walikuja mama mmoja na binti yake, Bi Marjorie na Tess, kutoka Ohio. Mama ni mwalimu, binti ana miaka kumi na tisa. Walitaka siku sita, wazunguke mpaka maporomoko ya Kivi na kurudi. Baba akawachorea, akawachekesha, wakaondoka. Asubuhi hiyo lori lilikuwa limekwama na tela barabarani, nikaenda kulivuta pamoja na Dale. Sikuikagua ramani. Jioni nilikuwa nimechoka, nikaenda kulala.

Jumanne saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nafagia mlangoni. Nikainua macho. Mstari mwekundu ulikwenda vizuri mpaka juu ya Kivi, kisha ukashuka kwenye ukingo wa kushoto.

Wewe uliondoka kabla ya ule upepo uliolaza msitu, kwa hiyo unaikumbuka njia ya kushoto kama Baba alivyoikumbuka. Haipo tena, Shangazi. Ni magogo matupu yaliyolaliana. Siku hizi watu wanashuka kulia, mbali kabisa juu ya maporomoko. Anayeambaa kushoto akitafuta pa kushukia hapaoni, na maji ya pale hayamngojei mtu afikiri.

Nilimwita Dale. Aliitazama ramani, akanitazama mimi. "Walilala wapi jana?"

"Kisiwani, kama walimfuata Baba."

"Basi saa sita leo wako Kivi." Alikuwa tayari anavaa viatu. "Na mimi nitafika kesho mchana. Veikko! Acha gundi hiyo, chukua kasia."

Hesabu ilikuwa wazi kwetu sote watatu. Nilipiga simu kwa walinzi wa msitu. Yule kijana aliniongelesha kwa upole sana. Ndege yao ilikuwa inazima moto wa msitu, kaskazini, na hao wageni wangu hawajachelewa, wanatarajiwa Jumamosi. Ikirudi mapema atajitahidi. Nikamshukuru. Nikabaki nimeshika simu kama mtu asiyejua inawekwa wapi.

Saa sita ilipofika nilikuwa nakata jibini. Niliendelea kuikata. Ungefanya nini?

Baba akaingia. "Dale yuko wapi?"

Nikamwambia kweli. Nilidhani anastahili kujua. Alikaa chini, kisha akainuka akavaa kofia yake. "Nipe kasia." Ana miaka themanini na mitatu. Nilimzuia mlangoni kwa mwili wangu, na alilia, Shangazi, kaka yako alilia mbele yangu. Nikampa kahawa na mkate mtamu. Alipomaliza kikombe akaniuliza, "Dale yuko wapi?"

Nikasema tena, maana sikujua la kufanya. Ikampata upya kama mara ya kwanza, machozi yale yale, kofia ile ile. Mara ya tatu nilisema Dale amekwenda mjini kununua kamba.

"Huyo mumeo anapenda mjini," akasema, akachukua gazeti.

Nikawa nanunua kamba mpaka Alhamisi.

Alhamisi saa kumi alasiri wakatokea kwenye ghuba. Mtumbwi mmoja, watu wanne, ukingo wake ukiwa vidole viwili tu juu ya maji. Nilihesabu vichwa mara tatu. Kisha nikashuka gatini kuupokea mtumbwi.

Waliambaa kushoto kama walivyoelekezwa. Maji yalipowavuta, Tess aliruka akashika gogo, akamshika mama yake kwa mkanda wa jaketi la kuokolea. Mtumbwi na mizigo vikaenda na maporomoko. Walikaa juu ya mwamba tangu Jumanne mchana hadi Dale na Veikko walipowafikia Jumatano mchana, na mfuko mmoja wa zabibu zilizoloa. Bi Marjorie amevunjika kifundo cha mkono.

Baba alitelemka gatini. Na siku hiyo, sijui Mungu anapangaje mambo yake, siku hiyo alikuwa mzima kabisa. Aliuangalia ule mkono uliofungwa, akaangalia nguo zao. "Mtumbwi wenu uko wapi?"

"Umekwenda na Kivi, Mzee," Veikko akajibu.

"Mlishukia wapi?"

"Kushoto," akasema Bi Marjorie.

"Kushoto!" Uso ulimwiva. "Kushoto kumekufa tangu upepo, kila mtu anajua. Mpumbavu gani kawaelekeza kushoto?"

Dale alikuwa anatazama kasia lake. Bi Marjorie alifungua mdomo, na niliona jina litakalotoka.

Nikasema, "Ni mimi, Baba. Nilirekebisha ramani baada yako."

Na si uongo mtupu, maana kuikagua ilikuwa kazi yangu na sikuifanya. Lakini ni uongo. Alinisema mbele ya wote, kama alivyokuwa akinisema nikiwa na miaka kumi. Kwamba nina kichwa cha sufuria. Kwamba watu wanatukabidhi roho zao. Kwamba baba yake alijenga nyumba hii kwa jina moja tu, kwamba hakuna aliyewahi kupotea kwa mkono wa Lahtinen. Mwisho akasema, "Tangu leo usiguse ramani. Hata moja. Nitachora mimi, na nitazikagua mimi." Nikasema ndiyo, Baba.

Usiku ule ule walioga na kula, na kulipokucha Bi Marjorie alinikuta jikoni. Alisema, "Mimi nilimwona akichora. Mama yangu naye alikuwa hivyo, nakuelewa. Lakini karibu nimpoteze mtoto. Niahidi hatachora tena." Nilimwahidi. Nilimshika mkono ule mzima, nikamwahidi.

Kwa hiyo nimeahidi huku na nimekubali kule. Dale tangu Alhamisi ananijibu kwa neno moja moja. Anasema niliyoyafanya gatini hayakuwa upendo, yalikuwa woga. Huenda. Lakini yeye naye alinyamaza. Naogopa, Shangazi. Naogopa kumwambia Baba kweli kwa sababu nitamwua kwa siku nzima, kisha atasahau, na itabidi nimwue tena. Na naogopa kutomwambia.

Ningekupigia simu, lakini simu huisikii, na Baba hukaa kando yake. Mwandikie. Barua zako huzisoma asubuhi na jioni na huziweka mfukoni. Mwambie apumzike, mwambie ni amri ya dada yake. Mimi hanisikii. Mimi ndiye mpumbavu niliyepeleka watu kushoto.

Kesho saa mbili asubuhi wanakuja watu saba, familia moja, mdogo wao ana miaka sita. Wanakwenda Kivi. Nimeshachora ramani yao kwa siri na kuificha kwenye mfuko wa mikate, niwabadilishie bandani. Lakini tangu jana Baba ana utaratibu mpya kwa ajili ya makosa yangu, ameuandika na kuubandika mlangoni asiusahau: kabla mtumbwi haujaondoka, mgeni asimame gatini na kumsomea njia yote kwa sauti. Wakimsomea ya kwangu, atajua si mkono wake. Wakimsomea ya kwake, nitakuwa nimesimama pale nikisikiliza kama itasema kushoto. Barua hii itakapokufikia, hayo yatakuwa yameshapita, na wewe utakuwa hujui walisoma ipi.

Nisalimie binamu Aili na watoto wake, na Bwana Otto jirani yako, mwambie jamu yake nayo ipo. Dale anakusalimu, Veikko pia. Baba ameniagiza nikuandikie kwamba yeye hajambo, na kwamba mimi ndiye wa kuangaliwa.

Mungu akulinde huko jangwani, akupe pumzi ndefu, na atuhurumie sisi wa majini.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye,

Irja