Jini la darini kwangu

Nusaiba, bado nagombana na mume wangu. Nimemuuliza, "Mudathir, jini gani linakula kuku wangu wa mayai na kuacha manyoya?"

Eti, "Punguza sauti, mama Farhan, linasikia."

LINASIKIA, shoga.

Kumbe kila jioni analipandishia sahani ya ubwabwa darini lisitudhuru. Kila jioni.

Nimepanda ngazi mwenyewe. Ni ngawa. Tumejenga Kigamboni porini kwake, naye kahamia kwetu, kanenepa, kazalia humo humo pembeni ya sahani yangu ya harusi.

Namwonyesha picha, ananijibu, "Majini hujigeuza."

Hujigeuza.

Basi. Mzazi simfukuzi leo, ila kuku wangu haliwi tena hata mmoja. Nimewahamishia sebuleni, wamejaa kwenye sofa lake. Mpira atautazama amesimama.