Ndimu Ulizosema Nimezisahau

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike, na kitinda mimba wako Salumu ameoa bila wewe kuwepo. Tumemwozesha vizuri, usiwe na wasiwasi.

Siku hizi nimekuwa wewe. Makaa yakishika upesi, alhamdulillahi. Nazi ikivunjwa ikawa nzima, alhamdulillahi. Zamani nilikuwa nakucheka kimoyomoyo, huyu mama anashukuru hata nazi! Sasa Salumu ananicheka mimi, na kaka yake, mume wangu, anasema nyumba haijapungua mtu.

Lakini ipo shukrani moja sikuwahi kukupa, kwa sababu sikujua.

Unaikumbuka Ramadhani yangu ya kwanza hapa Bagamoyo, ile iliyofuata Uhuru? Bi Tatu wa nyumba ya mbele alituletea futari, tambi za nazi kwenye bakuli la maua ya bluu. Kesho yake nikalisugua kwa majivu mpaka likang'aa, nikampelekea tupu, kifua mbele. Kwetu Kiwangwa nyumba zimetawanyika mashambani. Nani angenifundisha kwamba huku mjini chombo cha jirani hakirudishwi kitupu? Hukunikemea. Alipoleta tena, ulitia papai bivu ndani ya bakuli, ukaniambia tu, "Haya mwanangu, mpelekee." Nikadhani mapapai yametuzidi.

Bi Tatu ndiye aliyenieleza, siku ya arobaini yako, tukichagua mchele.

"Siku ile uliponirudishia bakuli tupu, mkweo alivuka njia mbio nyuma yako, ndimu kwenye pindo la khanga. Ati, 'Mkwe wangu kazisahau ndimu zako jikoni.' Na mndimu wenu mwaka ule haukuzaa hata moja! Kanidanganya na saumu yake kinywani!"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nililia kweli, mama. Ulikwenda kuomba ndimu majumbani mwa watu, jua la saa nane na kiu ya saumu, ili mimi nisionekane sina adabu. Na miaka yote tuliyokaa jiko moja hukunigusia.

Sasa sikia. Juzi mke wa Salumu, Zubeda, binti wa kijijini Kerege, amemrudishia Bi Tatu bakuli lile lile. Lang'aa, tupu, naye kifua mbele. Nikamsifu kwa usafi. Alipoingia kuoga nikachuma ndimu, maana mwaka huu mti umezaa, alhamdulillahi, nikavuka njia. Bi Tatu kuniona mlangoni, hata sijafungua kinywa, akakinga mikono.

"Nipe. Safari hii kasahau nani?"

Tulicheka hadi tukakaa chini barazani. Jina lako tulilitaja mara nyingi.

Zubeda hajui, na kwangu hatasikia. Bakuli likija tena nitamtilia papai, nimwambie ampelekee. Wewe pumzika, mama. Ahsante kwa zile ndimu.

Mkweo uliyemsitiri,
mama wa wajukuu zako