Ukope wa Silvano

Jumatatu, 9 Februari 1998
Minyoo wangu wa majaribio, wale wadogo wa kuonekana kwa hadubini tu, wamelala wote. Nimewapa ile dawa inayochoma seli kwa ndani, kama kutu inavyokula bati. Nikataka kuandika wamekufa — Silvano akakataa! Hapa maabara ndiye mwalimu wa kila mtu. Eti lazima umguse mnyoo. Asipojikunja ndipo uandike. Akang'oa ukope wake mmoja, akaubandika kwa gundi kwenye kijiti cha meno. Hakuna kitu laini zaidi, anasema. Mwanamume mzima na kope za ndama! Nazipenda. Nimewagusa, hakuna aliyejikunja. Basi, nimeandika wamekufa.
Kesho anakwenda Haneti kuchota udongo wa kutafutia minyoo wengine.

Alhamisi, 12 Februari
Korongo la njia ya Haneti lilijaa maji ghafla. Pikipiki ya Silvano imeonekana imefukiwa mchangani. Yeye hapana.

Jumanne, 17 Februari
Bado hajapatikana. Nimerudi kazini, nyumbani nakaa nifanye nini? Visahani vya minyoo wa wiki jana bado vipo. Minyoo wamenyooka kama uzi. Nikagusa kwa waya. Kimya. Nikagusa kwa ukope wa Silvano — mmoja akajikunja. Na wa pili! Nikarudia kwa waya. Kimya.
Nikamwita Thomas, mkuu wetu. Akagusa kwa waya wake, akasema minyoo wamekufa na mimi nikapumzike. Ukope sikumpa.

Ijumaa, 20 Februari
Mama yake Silvano amekuja kutoka Zuzu. Shikamoo yangu kaiitikia kwa sauti ndogo mno. Wazee wamechoka kungoja. Kesho wanazika nguo zake badala ya mwili. Yeye anaomba kitu cha mwili wa mwanawe, hata unywele, asizike matambara matupu. Thomas na mdomo wake kamwambia kuna ukope!
Nikiutoa, nimemzika kwa mkono wangu. Naogopa. Nikimnyima mama huyu, mimi ni mtu gani?
Nimechemsha minyoo wa kisahani kimoja mpaka maji yakatokota. Hao wamekufa bila ubishi. Kesho nikiwagusa kwa ukope wasijikunje, nampa mama.

Jumamosi, 21 Februari
Naandika nimesimama. Mama amekaa mlangoni, kitambaa cheupe mapajani. Gari la msiba linanguruma nje. Nimemwomba dakika moja.
Kwa ukope nimegusa mmoja wa wale niliowachemsha. Amejikunja!
 Nimemwita mama aje atazame mwenyewe, nikamwambia huyu nilimchemsha, nikagusa tena kwa ukope wa mwanawe. Ameinamia hadubini. Huko nje wanapiga honi. Kitambaa kimemdondoka, hakioni. Amenishika kiwiko, ananiumiza.
Anasema, mguse tena, mwanangu.