Swichi ya Boti kwenye Gari la Farhan

Bagamoyo
Jumamosi, 5 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakuambia kila kitu, hata yale ambayo Kaka Farhan angependa ayaseme mwenyewe. Sisi hatujambo. Mama kifua kimepona, anakusalimu sana. Na huko Oman, joto limepungua? Unakula vizuri?

Kubwa ni hili. Kaka ameandikisha gari lake kwenye mashindano ya ridhaa ya Vigwaza, Jumapili ya tarehe 27. Mama anajua. Karatasi ya masharti inasema kila gari liwe na swichi kuu ya kukata umeme. Dereva aifikie akiwa amefunga mkanda, na mtu wa nje aweze kuivuta kwa waya karibu na kioo cha mbele. Gari likipinduka na petroli ikamwagika, cheche moja inatosha. Alama yake nimeichora mimi: pembetatu ya buluu, radi nyekundu katikati.

Swichi ameifunga Mjomba Kombo. Ameitoa kwenye boti moja kuukuu huko Mbegani, nzito na imara. Aliwasha taa za gari, akaizungusha, taa zikazimika. Nikamwuliza, "Mjomba, na injini ikiwa inanguruma?"

"Unataka kuniunguzia alteneta? Kwenye boti swichi haiguswi mpaka injini ilale."

"Lakini karatasi inasema izime na injini."

"Haya, injinia wa daftari, nishikie spana."

Kaka akacheka. Mimi sikucheka. Nikosoe kama nimekosea, baba.

Mwanao,
Adila

Duqm
Ijumaa, 11 Julai

Mwanangu Adila,

Marahaba. Mimi mzima, alhamdulillahi. Joto lipo palepale, chakula si kibaya. Picha ya barua yako nimeipata leo, maana kambini mtandao ni wa bahati. Tunaupata Ijumaa tunapokuja msikitini mjini. Mwandiko wako umenipendeza.

Kuhusu swichi usijisumbue. Betri ndiyo moyo wa gari. Ikikatwa, hakuna kinachobaki. Kombo anazifunga swichi hizo tangu hujazaliwa. Tafadhali usimbishie mjomba wako mbele ya watu. Wewe shughulika na hesabu zako. Mwambie Farhan kofia ngumu asiivue hata kwenye majaribio.

Baba yako,
Mwinyijuma

Bagamoyo
Jumapili, 13 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikafanya usilolitaka, nisamehe.

Sikumbishia mjomba mbele ya watu. Nilingoja aende kuswali alasiri, ndipo nikamwomba Kaka awashe gari. Nilimwambia ukweli kwamba huenda tukaunguza alteneta.

"Ikiungua?"

"Nitakuoshea gari mwaka mzima."

"Miwili," akasema, akawasha.

Nikavuta waya wa nje. Injini iliendelea kunguruma, baba, kana kwamba hakuna aliyeigusa. Nikavuta tena mpaka waya ukanikata kidole. Kaka akaizima kwa ufunguo, akabaki ameshika usukani. Alteneta haikuungua. Baadaye akasema, "Kwa hiyo mimi nimelala chali, wewe unavuta, na yenyewe inaendelea kusukuma petroli."

Hakucheka tena siku ile.

Mjomba aliporudi tulimwambia. Akasema mkaguzi wa mashindano huangalia taa tu, mwaka jana yeye alikuwapo akaona. Akaondoka bila kunywa chai yake. Mama amenikasirikia kidogo.

Zimebaki wiki mbili. Kama betri imekatwa, umeme huo unatoka wapi?

Mwanao,
Adila

Duqm
Jumanne, 15 Julai

Mwanangu,

Mimi mzima. Barua yako iliingia jana mtandao uliporudi kwa dakika chache, na leo nimepanda lori la maji kuja mjini, sikuweza kungoja Ijumaa. Kidole chako kinaendeleaje?

Nilimwuliza Muataz, fundi mwenzangu, ambaye siku za mapumziko hukimbiza magari mchangani. Alinitazama kama niliyeanza kazi jana. Injini ikishazunguka, alteneta inatengeneza umeme wake yenyewe, nao unalisha plagi na pampu bila kuhitaji betri. Swichi ya boti ni ya kulaza betri tu boti ikiwa imeegeshwa. Kombo hakukudanganya, ndivyo kazi ya boti ilivyo, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuijaribu injini ikiwa hai.

Gari la mashindano linataka swichi yenye miguu sita. Miwili minene ni ya betri. Minne myembamba huenda mbilimbili: jozi moja hukata umeme wa injini, nyingine hupeleka umeme uliobaki wa alteneta kwenye bodi ya gari kupitia rizista, kifaa cha kupunguza nguvu yake, alteneta isiungue. Farhan aitafute Dar, na aihesabu miguu kabla hajaondoka dukani.

Mpe Kombo barua hii aisome mwenyewe. Mimi niliyekuambia usijisumbue ndiye niliyekosea.

Baba yako,
Mwinyijuma

Bagamoyo
Ijumaa, 25 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, na kidole kimepona.

Kaka alizunguka Kariakoo siku tatu ndipo akaipata. Mjomba aliifunga mwenyewe, barua yako akiwa ameibandika kwenye kioo. Alipomaliza akasema, "Adila, vuta wewe. Mimi mkono wangu siuamini." Nikavuta. Injini ikakata palepale, tukasikia redio ya jirani. "Washa. Vuta tena." Mara nne. Kisha akawaambia watu wampishe injinia apite, ingawa hapakuwa na mtu aliyenizibia njia. Hata mama alicheka.

Ningependa kuishia hapo, lakini jana Yahya, rafiki yako mwenye gari jeupe, alikuja kuazima jeki. Naye anakimbia Jumapili. Mjomba akamwambia haondoki bila kupimwa. Nilivuta waya wake, injini ikaendelea.

"Haiwezekani," akasema Yahya. "Hii kanifungia Mwinyijuma mwenyewe, kabla hajasafiri. Akaniambia nilale usingizi."

Nikamulika chini ya dashibodi. Jina lako lipo, kwa rangi nyeupe, juu ya swichi ya boti.

Yahya hakukasirika, au hakuonyesha. Asubuhi hii amekwenda Dar. Lakini amesema uliwafungia na wengine, mmoja wa Ubena, waliobaki hawajui. Orodha ya mashindano ina magari kumi na saba na hatuna namba za simu za wote. Ulipotueleza mambo ya alteneta hukuyataja magari haya, nami nadhani ulikuwa bado unatafuta maneno. Mjomba alitaka nisikuandikie, akasema utafadhaika nawe uko mbali. Nimeona heri ufadhaike.

Hakuna anayekusema vibaya hapa. Kaka na mjomba wako tayari kumfuata kila mmoja kwa pikipiki, leo na kesho, na mimi nitawavutia waya. Simu ya mama ninayo mkononi, nami nangoja utoke msikitini.

Baba, ni magari ya nani mengine uliyoyafungia swichi hii?

Mwanao,
Adila